Walimu wa Kenya katika foleni ya kwanza ya chanjo ya korona: uchambuzi wa kisa cha Machi 2021

Usiku wa kuamkia Machi 3, 2021, shehena ya kwanza ya chanjo ya korona ilitua katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Zilikuwa dozi milioni 1.02 za AstraZeneca, zilizotengenezwa na Serum Institute ya India na kuletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Machi 5 chanjo ilizinduliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mpango wa serikali ulikuwa wa awamu tatu, na awamu ya kwanza ililenga watu milioni 1.25: wahudumu wa afya, walimu, polisi na wanajeshi. Wazee na wagonjwa wa kisukari au shinikizo la damu waliwekwa awamu ya pili, iliyotarajiwa kuanza katikati ya mwaka.

Kwa hiyo mwalimu wa miaka 27 alitangulia mbele ya nyanya wa miaka 70. Wengi waliona jambo hilo ni la kawaida, kwa kuwa mwalimu anakaa na watoto hamsini darasani, na shule zilikuwa zimefungwa kwa miezi mingi kuanzia Machi 2020. Lakini uamuzi huo unastahili kupimwa kwa hesabu, kwa kalenda na kwa namna chanjo inavyofika kwenye mkono wa mtu. Ukipimwa hivyo, walimu walikuwa na hoja nzuri iliyotekelezwa wakati usiofaa.

Tuanze na hesabu ya dozi. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilikuwa na walimu wapatao 330,000 kwenye orodha ya mishahara. Kila mmoja alihitaji dozi mbili, yaani dozi 660,000. Hiyo ni karibu asilimia 65 ya shehena nzima, kabla muuguzi hata mmoja hajakunja mkono wa shati. Ongeza walimu wa shule za kibinafsi, walimu wa BOM wanaolipwa na bodi za shule, na walimu wa chekechea walioajiriwa na kaunti, na shehena inakwisha. Wizara ya Afya ilipata afueni kwa njia moja tu: ilitumia karibu dozi zote kuwa za kwanza, ikitumaini shehena ya pili ingewahi kufika. Haikuwahi, na tutarudi hapo.

Sasa hatari. Korona inaua kwa ngazi za umri, na ngazi hizo ni kali mno. Makadirio yaliyokusanywa kutoka nchi tajiri yalionyesha kuwa kati ya watu 100,000 wa miaka 25 walioambukizwa, hufa kama 10; wa miaka 55 hufa kama 400; wa miaka 65 kama 1,400; wa miaka 75 kama 4,600. Viwango vya Kenya vinaweza kutofautiana na hivyo, ila mteremko wa umri unabaki pale pale. Na hapa kuna jambo ambalo mjadala wa vyama vya walimu uliliruka: mwalimu wa TSC anastaafu akiwa na miaka 60, isipokuwa mwenye ulemavu, anayeruhusiwa kufika 65. Kundi zima la walimu wa serikali, kwa sheria, halina watu wa umri unaouawa zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Hao ndio waliosubirishwa.

Je, kazi ya ualimu yenyewe inaongeza hatari ya kufa? Takwimu zilizokuwapo wakati ule hazikuonyesha hivyo. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilipochambua vifo vya England na Wales kati ya Machi na Desemba 2020, walimu hawakuonekana kufa kwa kiwango kinachozidi wenzao wa umri na jinsia sawa. Scotland nayo ililinganisha walimu na watu wengine wa umri wa kufanya kazi, na haikukuta wanalazwa hospitalini zaidi kuliko wengine. Kwa ushahidi wa aina hiyo, kamati ya chanjo ya Uingereza, JCVI, ilikataa kutanguliza kazi yoyote nje ya afya na malezi ya wazee, ikafuata umri. Marekani ilikwenda njia nyingine: Machi 2, 2021, Rais Biden aliagiza walimu na wafanyakazi wa shule wapate angalau dozi moja kabla ya mwezi kwisha, na karibu asilimia 80 wakaipata. Lakini Marekani ilikuwa na dozi za kumwaga. Nchi yenye dozi milioni moja kwa watu milioni 47 haiwezi kuiga hesabu hiyo.

Mtu atauliza, vipi kuhusu nyanya anayeambukizwa na mjukuu aliyetoka shuleni? Hoja hiyo inageuka dhidi ya walimu. Chanjo ya AstraZeneca ilikuwa ya watu wa miaka 18 na zaidi. Ukimchanja mwalimu, wanafunzi hamsini bado hawajachanjwa, na mjukuu anarudi nyumbani vile vile. Anayelindwa ni mwalimu. Njia fupi ya kumkinga nyanya ni kumchanja nyanya mwenyewe.

Inabaki hoja moja yenye uzito wa kweli, nayo haihusu hatari ya mwalimu: shule isifungwe. Mwalimu mmoja wa hisabati akiugua wiki tatu katika shule ya upili yenye walimu kumi na watatu, vidato viwili vinakaa bila somo. Wakiugua wanne, mwalimu mkuu anafunga shule, agizo la wizara liwepo au lisiwepo. Mtoto aliyepoteza miezi tisa tayari (wengi walirejea Januari 4, 2021, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walitangulia Oktoba 12, 2020) hapaswi kupoteza zaidi. Mapendekezo ya kamati ya wataalamu wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani yaliwaweka walimu mahali pazuri kwa sababu hii hii, lakini katika hatua ya pili, baada ya wahudumu wa afya walio hatarini na wazee. UNICEF nayo, Desemba 2020, iliomba walimu wapewe kipaumbele mara wahudumu wa afya na walio katika hatari kubwa wakishachanjwa. Neno lililosahauliwa Nairobi ni hilo “mara wakishachanjwa”.

Sasa weka hoja ya kutofunga shule juu ya kalenda ya mwaka 2021.

Chanjo ilizinduliwa Ijumaa, Machi 5. Shule zilifunga Machi 19 kwa likizo ya wiki saba, hadi Mei 10. Waliobaki ni watahiniwa: KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilifanywa Machi 22 hadi 24, na KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, ikaendelea hadi wiki ya tatu ya Aprili. Kinga ya maana ya dozi ya kwanza huanza takriban siku ya 22. Mwalimu aliyechanjwa Machi 8, mapema kabisa, alipata kinga Machi 30, wakati darasa lake limefungwa kwa komeo. Aliyechanjwa Machi 19 alipata kinga Aprili 10, akiwa shambani kwake Bungoma au Kitui. Dozi adimu kuliko zote zilikuwa zinalinda madarasa matupu, katika wiki zile zile ambazo wimbi la tatu lilikuwa linapanda na Machi 26 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungiwa.

Kulikuwa na kundi moja la walimu ambalo likizo haikulihusu: wasahihishaji wa mitihani. Watahiniwa wapatao 747,000 walifanya KCSE, na matokeo yalitangazwa Mei 10. Usahihishaji unakusanya maelfu ya walimu kutoka kaunti zote katika vituo vichache, wanakaa meza moja, wanalala bweni moja, wanapanga foleni moja ya chakula, kisha wanatawanyika kurudi makwao. Ukitaka kutafuta walimu wa kutangulizwa Machi 2021, hao ndio. Majina yao, umri wao na vituo vyao vyote viko kwenye daftari la Baraza la Mitihani. Ilikuwa orodha iliyo tayari, inayojulikana tarehe, na ambayo shehena ingeitosha. Katika orodha ya vipaumbele haikutengwa; walimu wote walihesabiwa kundi moja.

Machi 29 serikali ilibadili msimamo na kufungulia watu wa miaka 58 na zaidi. Sababu moja ilikuwa kwamba waliotangulizwa walikuja polepole. Wahudumu wa afya wengine walisita, na walimu, wakiwa likizoni na taarifa za damu kuganda kwa waliochanjwa AstraZeneca zikitoka Ulaya, hawakukimbilia. Wazee walikuja. Haikuchukua wiki nyingi idadi ya wenye miaka 58 na zaidi ikaipita ya walimu katika taarifa za wizara. Kosa la mpango lilirekebishwa na watu wenyewe kwa miguu yao.

Kabla ya kuendelea, Uganda inafaa kutazamwa, kwa sababu pale jibu linabadilika. Uganda ilipokea dozi 864,000 mwezi huo huo wa Machi, na walimu wapatao 550,000 walikuwa kwenye orodha ya mwanzo. Juni 2021 shule zikafungwa tena, na serikali ikafungamanisha ufunguzi na chanjo ya walimu. Milango ya shule haikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, kufungwa kulikogusa wanafunzi milioni 15 kwa karibu miaka miwili. Serikali ikishasema “hakuna chanjo, hakuna shule”, kila dozi ya mwalimu inabeba siku za masomo za watoto wengi, na uzito wake kwenye mizani unapanda. Kenya ilikuwa tayari imefungua bila chanjo, ikitegemea barakoa, madirisha na maji ya kunawa. Hoja ya Kampala haikuhamishika hadi Nairobi.

Tuje kwenye kichupa. Mijadala mingi ya kipaumbele huishia kwenye nani anastahili, na hapo ndipo dozi hupotea. Kichupa cha AstraZeneca ya Serum kina mililita 5, dozi kumi za mililita 0.5. Kinakaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, hakigandishwi, hakitikiswi. Sindano ya kwanza ikishachoma mfuniko, saa sita zinaanza kuhesabika. Muuguzi makini anaandika saa ya kufungua kwa kalamu kwenye lebo, 9:40, na ikifika 3:40 kilichobaki kinatupwa hata kama ni dozi sita.

Chukua eneo lenye shule za msingi 12, kila moja na walimu 13. Timu ikienda shule kwa shule, kila shule inafungua vichupa viwili: dozi 20 kwa watu 13. Saba zinamwagwa. Shule 12 zinakula vichupa 24, dozi 240, na 84 zinapotea, asilimia 35. Walimu hao hao 156 wakikutanishwa katika shule moja ya katikati, vichupa 16 vinatosha na dozi nne zinabaki. Hizo nne zina wenyewe ikiwa mhudumu wa afya wa kijiji ana orodha ya akiba: wazee wanne wanaoishi mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo, wenye simu, walioambiwa asubuhi wakae tayari. Bila orodha ya akiba, dozi hizo huenda kwa yeyote anayepita, na mara nyingi huyo ni rafiki wa chifu.

Kuna sababu ya pili ya kukutanisha shule badala ya kuzitembelea. AstraZeneca huleta homa, kichwa na uchovu siku inayofuata, zaidi kwa vijana na zaidi kwa dozi ya kwanza. Ukichanja walimu wote 13 wa shule Jumanne, Jumatano hakuna shule, na wazazi watasema chanjo imewaangusha walimu. Kila shule itume nusu ya walimu wake Ijumaa ya kwanza, nusu nyingine Ijumaa ya pili. Walimu 78 kila Ijumaa, vichupa vinane, dozi mbili za akiba. Homa inaishia Jumapili.

Kituo chenyewe hakihitaji makubwa. Wachanjaji wawili, karani mmoja wa kuandikisha kwenye mfumo wa wizara na kadi ya karatasi, na muuguzi mmoja wa kuangalia waliokwisha kuchomwa. Kasha la kubebea chanjo lenye mifuko minne ya barafu iliyoachwa nje hadi ukiitikisa usikie maji ndani, kwa sababu barafu ngumu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kugandisha vichupa vilivyoigusa. Mabomba ya sindano ya kujifunga yenyewe, sanduku la usalama la lita 5 lisilojazwa kupita robo tatu, na kichupa cha adrenalini ya 1 kwa 1,000, mililita 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima atakayepata mzio mkali. Wachanjaji wawili wanaweza kumaliza watu 26 kwa saa. Kila mmoja akikaa dakika 15 akiangaliwa, viti kumi vyenye nafasi vinatosha. Aliyewahi kupata mzio mkali anakaa dakika 30. Darasa moja la kuingilia, jingine la kuchomwa, kivuli cha mwembe cha kusubiria.

Kinachovuruga kituo kama hiki ni orodha, mara chache ni jokofu. Nani ni mwalimu? Karani ameambiwa aulize namba ya TSC. Namba hiyo anayo pia mhitimu aliyesajiliwa ambaye hajapata ajira, na hao ni mamia ya maelfu. Mwalimu wa chekechea wa kaunti huenda hana, mwalimu wa BOM anayo lakini hayumo kwenye orodha ya mishahara, na mpishi, matroni wa bweni, mlinzi na dereva wa basi la shule hawana kabisa. Ilhali matroni analala na wasichana mia kwenye bweni moja, na mara nyingi ana miaka mingi kuliko mwalimu wa kidato. Ikiwa sababu ya kipaumbele ni shule isifungwe, mpishi akiugua shule ya bweni inafungwa upesi kuliko akiugua mwalimu wa historia. Orodha sahihi inaandikwa na mwalimu mkuu, kwa majina ya wote wanaoingia langoni kila siku, ikiwa na namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na simu, na ofisa wa elimu wa kaunti ndogo anaithibitisha kwa kuilinganisha na daftari la mahudhurio. Mwaka wa kuzaliwa ndio unaopanga foleni: 50 na zaidi kwanza, kisha wenye kisukari, shinikizo la damu au pumu wanaojitaja wenyewe kwa muuguzi faraghani, kisha wengine.

Dozi ya pili ndiyo iliyoumiza. Mwishoni mwa Machi India, ikikabiliwa na wimbi lake, ilisimamisha usafirishaji wa chanjo nje. Kenya ikasogeza dozi ya pili kutoka wiki 8 hadi 12. Kitabibu hilo halikuwa baya: majaribio yalionyesha kinga ya asilimia 81 pale dozi mbili zilipoachana kwa wiki 12 au zaidi, dhidi ya 55 pale zilipoachana chini ya wiki sita. Ubaya ulikuwa kwamba dozi yenyewe haikuwapo. Zikaja 72,000 zilizorudishwa na Sudan Kusini, kisha Juni 22 Denmark ikatoa 358,700. Wakati huo virusi vya Delta vilikuwa vimeshika Kisumu na kaunti 13 za magharibi zimewekewa masharti, na dhidi ya Delta dozi moja ilizuia ugonjwa kwa takriban asilimia 30 tu, mbili kwa takriban 67. Mwalimu wa Siaya aliyetangulizwa Machi aliingia muhula wa Mei na Juni akiwa na nusu ya kinga, na shule sasa zimejaa.

Kisha kipaumbele kikageuka amri. Agosti 2021, Mkuu wa Utumishi wa Umma, Joseph Kinyua, aliagiza watumishi wote wa umma wawe wamechanjwa kufikia Agosti 23 la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. TSC ikawa inahesabu walimu waliochanjwa, kwa kaunti. Miezi mitano kabla walikuwa wanapewa nafasi ambayo wazee waliililia. Sasa walikuwa wanatishiwa kazi. Wengi waliosita Machi walisita kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa nini wao kwanza, na jibu pekee lililosikika, “kwa sababu mnahatarisha maisha”, hawakuliamini, na takwimu hazikuwa upande wake.

Kwa dozi zile zile milioni 1.02, mpangilio ungeweza kuwa huu. Machi 5 hadi 26: wahudumu wa afya, wenye miaka 58 na zaidi, na katika shule ni wasahihishaji pamoja na wafanyakazi wa miaka 50 na zaidi, wachanjwe kabla shule hazijafunga Machi 19, wakiwa bado wanapatikana kituoni. Walimu wengine wote wasubiri Ijumaa za Aprili 9 na 16, katika shule za katikati zilizo karibu na nyumbani kwao, kwa kuwa wako likizoni, waitwe kwa ujumbe wa simu kupitia maofisa wa elimu na matawi ya vyama vya walimu, KNUT na KUPPET. Aliyechanjwa Aprili 16 anaingia darasani Mei 10 siku 24 baadaye, kinga ikiwa imeshaanza. Wiki zake 12 zinakwisha Julai 9, Ijumaa, wiki moja kabla muhula haujafungwa Julai 16, na dozi za Denmark ziko nchini tayari.